Kikapu cha Yakobi Chapata Kifuniko

Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, Tabea alifumuliwa kitako cha kikapu mara nne. Aliyekuwa akikifumua ni mama mkwe wake, Hulda, mwanamke mfupi wa kijiji cha Yakobi ambaye vikapu vyake vilijulikana mpaka ng'ambo ya pili ya Njombe. Hulda hakuwa mkali wa maneno. Alipokea kazi ya mkwe wake, akaigeuza juu chini, akamimina ndani yake konzi mbili za unga wa ulezi, kisha akakitikisa kikapu juu ya kitambaa cheusi. Unga ukionekana kwenye kitambaa, alikaa chini na kuanza kufumua taratibu, huku akizungumza habari nyingine kabisa: mvua, ng'ombe wa jirani, mahubiri ya Jumapili.

"Lakini mama, umedondoka kidogo tu," Tabea alisema ile mara ya nne.

"Kidogo tu," Hulda alikubali, akaendelea kufumua.

Tabea hakuwa amezaliwa Yakobi. Alitoka Wanging'ombe, huko chini kwenye joto, ambako kwao walijua kilimo kuliko kusuka. Alikuwa amesoma darasa la nne kwenye shule ya misheni, na alipoolewa na Methusela alikuja na Biblia, shuka mbili na mazoea ya kuuliza kila jambo sababu yake. Baridi ya Yakobi ilimtesa vidole. Hulda alimfundisha kuviotesha moto kidogo kabla ya kushika milulu, yale majani membamba ya bondeni yanayokatwa, yanaanikwa na kusokotwa kwa mkono. Alimfundisha pia kuchemsha baadhi ya majani hayo pamoja na magome na matope ya mtoni mpaka yawe meusi kabisa, kwa ajili ya ile mistari mitatu inayozunguka kikapu. Mwaka wa tatu, Tabea alitikisa kikapu chake mwenyewe juu ya kitambaa cheusi, na kitambaa kikabaki cheusi. Hulda alikiangalia, akasema, "Haya, peleka sokoni," na hayo ndiyo yalikuwa mahafali yake.

Kikapu cha Yakobi kilikuwa na kazi yake. Harusini, shangazi wa bibi harusi huingia uani kwa mume na kikapu kichwani, kimejaa unga wa ulezi ulioinuka kama kilima kidogo, na watu wote huuona. Nyumbani kiliwekewa ugali, viazi, njegere. Karibu kila nyumba ilikuwa nacho, na kilipochakaa ilibidi kinunuliwe kingine.

Ndipo miaka ya hamsini ilipoanza, maduka ya Njombe yakajaa mabeseni. Yalikuwa meupe, yenye ua jekundu katikati na ukingo wa buluu, na yalikuwa yakioshwa kwa maji mara moja yakang'aa. Vijana waliorudi kutoka mashamba ya mkonge waliyaleta kama zawadi kwa mama zao. Jumamosi moja Hulda alikwenda sokoni na vikapu vitano na kurudi na vikapu vitano. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Hakulalamika. Alivitundika ukutani, vikawa vinaongezeka, mpaka Methusela alipokuja likizo akauliza kama nyumba imegeuka ghala.

"Wataturudia," Hulda alisema.

Tabea hakuwa na hakika. Alikuwa amesimama mbele ya mabeseni yale dukani kwa muda mrefu, akiyageuza kama Hulda alivyogeuza vikapu. Alirudi nyumbani na pakiti tatu za rangi ya dukani, nyekundu, zambarau na kijani, na kwa majuma manne alisuka bila kumwonyesha mtu. Vilipokwisha, vilikuwa vikapu sita vipana, vifupi, vyenye mdomo uliolala kama wa beseni. Mistari mitatu haikuwapo. Mahali pake palikuwa na ua jekundu katikati ya kitako, na ili ua lile litokee vizuri alikuwa amelegeza msuko.

Hulda aliviona siku vilipokuwa vikifungwa kwa safari. Alishika kimoja, akakiweka chini.

"Unavipeleka wapi?"

"Makambako, mama. Kwa baba Kefa. Pale magari mengi yanasimama."

"Nenda salama," Hulda alisema. Hakuomba unga wala kitambaa.

Methusela, aliyeitwa baba Kefa kwa jina la mtoto wao, alikuwa kibarua wa barabara kuu iendayo Mbeya, na wakati huo kikosi chao kilikuwa kimepiga kambi Lyamkena, mwendo mfupi kutoka njia panda ya Makambako. Tabea alifika kwa lori, akalala kwenye kibanda cha mumewe, na kesho yake akapanga vikapu vyake sokoni, kando ya njia. Upepo wa Makambako hauna huruma. Alishinda siku nzima ameshikilia khanga kwa mkono mmoja na vikapu kwa mkono mwingine. Watu walisimama, wakatazama, wakapita.

"Hiki ni kikapu au beseni?" mzee mmoja aliuliza.

"Ni kikapu, babu, kwa mtindo wa beseni."

"Beseni si lipo dukani?" mzee alisema kwa upole kabisa, akaenda zake.

Aliyenunua alikuwa mmoja tu, mwanamke wa Lyamkena aitwaye Noela. Mdogo wake alikuwa anaolewa juma lile, na lile ua jekundu lilimpendeza. Tabea alimshukuru mpaka akamsindikiza hatua kadhaa.

Siku nane baadaye Noela alirudi. Alikuja katikati ya soko, kikapu mkononi, na hakuteremsha sauti.

"Wewe mama wa Yakobi! Njoo uone ulichoniuzia."

Siku ya harusi kulikuwa na manyunyu. Njiani unga ulikuwa umevuja kidogo kidogo kwenye msuko uliolegea, ukamwangukia shangazi usoni na mabegani, na uliobaki ndani ulikuwa umelowa rangi. Shangazi alipoingia uani kwa wakwe, badala ya kilima cha unga waliona kitu cha rangi ya waridi, kama dawa. Mama mkwe mtarajiwa aliuliza kama wameletewa unga au sabuni. Watu walicheka, na bibi harusi akalia.

"Mdogo wangu amelia siku yake ya harusi," Noela alisema. "Kwa ajili ya ua."

Tabea alitamani ardhi immeze. Wanunuzi walikuwa wamekusanyika, na baadhi walikuwa wakicheka tena, safari hii kwa ajili yake. Alikipokea kile kikapu kwa mikono miwili.

"Dada yangu, kosa ni langu. Sina la kujitetea. Nipe siku nirudi Yakobi, nitakuletea kingine, na nitakwenda mwenyewe kwa mdogo wako kumwomba radhi."

"Kitakuwa cha rangi gani hicho kingine?" Noela aliuliza, watu wakaangua kicheko. Lakini aliona macho ya Tabea, akateremsha sauti. "Kilete," akasema.

Njia nzima ya kurudi Yakobi, Tabea alikuwa akipanga maneno. Alipofika hakutumia hata moja. Aliweka tu kikapu kile chenye madoa mbele ya mama mkwe wake, akamweleza yote, hata lile la sabuni. Hulda alisikiliza hadi mwisho. Kisha alicheka, kicheko cha ndani kilichomtikisa mabega, akakichukua kikapu na kuanza kukigeuza.

"Mdomo huu umeusukaje ukalala hivi?"

Tabea alidhani anadhihakiwa. "Niliongeza nyuzi mbili kila mzunguko, mama."

"Mimi sikujua kama milulu inakubali." Hulda alipitisha kidole kwenye ukingo. "Ulijaribu rangi hii kwenye maji?"

"Sikujaribu."

"Basi hilo ndilo kosa. Hilo na huu msuko uliolegea." Alivuta kikapu kimoja cha zamani kutoka ukutani. "Mistari hii mitatu, unafikiri imetoka wapi?"

"Kwa bibi zenu."

"Bibi yangu alisuka vyeupe tupu. Huu wa kwanza ni wa mama yangu, alipenda tu. Huu wa pili umetoka kwenye uzembe wangu. Nilikuwa mke mdogo kama wewe, milulu ikaniishia katikati, nikachukua ya bonde jingine, na rangi haikulingana. Pakawa na kiraka. Nikachemsha majani yakawa meusi, nikakificha kwa mstari wa pili. Mama mkwe wangu hakusema nami siku tatu. Halafu akaja mtu kutoka upande wa juu wa Yakobi kuulizia kile chenye mistari miwili."

"Na wa tatu?"

"Miwili ilionekana kama kazi ambayo haijaisha." Hulda alikirudisha kikapu ukutani. "Mistari inabadilika, mwanangu. Unga kuvuja, hapana. Rangi kutoka, hapana. Hayo mawili usiyaguse."

Tabea alikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Kilichomshangaza zaidi hakikuwa ile habari ya kiraka. Ni kwamba mama mkwe wake alikuwa amekaa nayo miaka yote ile wakati watu wakisifia mistari mitatu kama kitu kilichoshuka na mvua.

Alisuka kikapu cha Noela upya, cha mistari mitatu, na akakijaribu mara mbili juu ya kitambaa. Safari hii alipanda basi. Mbele yake alikaa mama mmoja na beseni la viazi na njegere mapajani, amelifunika kwa kitambaa. Basi liliposhuka mteremko na kukanyaga shimo, beseni liliteleza, viazi vikatawanyika chini ya viti, njegere zikamwingia abiria mmoja kwenye kiatu. Mama yule aliokota alichoweza. Watoto wake wawili walitazama chakula chao kikipondwa na miguu ya watu. Tabea aliwapa mahindi yake ya kuchemsha, na kutoka hapo mpaka Makambako hakutazama nje tena. Alikuwa akiangalia mikono ya abiria. Karibu kila mtu alikuwa ameshika chakula, na hakuna aliyekuwa na mahali pazuri pa kukiweka.

Noela alimpokea kwenye uwanja wake. "Kamwene," Tabea alisalimu.

"Kamwene." Noela aliingia ndani, akatoka na unga, akaumimina kikapuni na kukitikisa juu ya khanga yake nyeusi, bila kuambiwa na mtu. Alitikisa tena kwa nguvu. Kisha akamkaribisha Tabea kiti na chai. Walikwenda pamoja kwa yule mdogo wake, ambaye alikuwa ameshaanza kulicheka jambo lile, na hata akasema mama mkwe wake sasa anaita unga wowote sabuni.

Tabea aliporudi Yakobi alimwambia Hulda anataka kusuka kikapu chenye kifuniko, cha watu wa safari.

"Kikapu ni cha kuonyesha kilichomo," Hulda alisema. "Utafunika unga wa harusi?"

"Si cha harusi, mama. Cha harusi kibaki kama kilivyo, kisiguswe hata uzi. Hiki ni kitu kingine, kiwe ndugu yake."

Hulda hakukubali wala hakukataa. Tabea alisuka kikapu na kifuniko, vikakaa pamoja kama kibuyu na kizibo. Alikipeleka Makambako kwa furaha, na upepo ule mkavu ukakausha milulu. Kikapu kikajikunja kwa namna yake na kifuniko kwa namna yake, mpaka kifuniko kikawa kinacheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Cha pili kilibana mno hata hakikufunguka. Cha tatu kilifunguka vizuri asubuhi yenye ukungu na kikagoma mchana.

Ni Hulda aliyeuliza, "Milulu ya kifuniko ulikata lini?"

"Juzi."

"Na ya kikapu?"

"Mwezi uliopita."

"Basi haviwezi kukauka sawa," Hulda alisema. Kesho yake walishuka bondeni wote wawili, wakakata milulu yote mahali pamoja, wakaianika pamoja na kuiacha mpaka ikauke sawasawa. Halafu Hulda alifanya jambo ambalo Tabea hakulitarajia: alimtaka asuke kifuniko kipya kikiwa juu ya kikapu chenyewe, kipimo kwa kipimo, na kwa ndani ashushe ukingo mdogo wa vidole viwili unaoingia mdomoni mwa kikapu. Methusela, aliyekuwa likizo, alipendekeza mshikio wa waya kutoka kambini. Hulda alimtazama, naye akaondoka kwenda kuchonga wa mwanzi. Mstari wa tatu waliupandisha juu ya kifuniko, hivi kwamba kikapu kikifungwa mistari inahesabika mitatu, na kikifunguliwa inabaki miwili.

Walikijaza viazi vya moto, wakakifunga, Methusela akakipandisha mgongoni mwa punda wa jirani na kumfukuza punda kuzunguka uwanja. Hakuna kiazi kilichoanguka. Hulda alikifungua, mvuke ukatoka.

Pale Makambako kulikuwa na mgahawa wa Silvesta, Mkatoliki mwenye sauti nene ambaye aliwauzia abiria chai na vitumbua kabla basi halijapiga honi. Tabea alimwomba aweke vikapu vinne juu ya meza yake. Abiria wa Mbeya walivimaliza siku hiyo hiyo, kimoja na vitumbua ndani yake. Silvesta alimtumia Tabea ujumbe kwa dereva wa lori: leta vingine, na uandike neno Makambako juu ya kifuniko, watu wanataka kuonyesha wametoka wapi.

Jambo hilo la maandishi lilizua mjadala nyumbani. Hulda hakujua kusoma. Tabea alipomsukia herufi za kwanza, alisema zinafanana na miguu ya mbuzi waliolala. Baadaye alizichunguza, akataka azisogeze mpaka zikae juu ya mstari mweusi, zisielee hewani. Zilipendeza zaidi. "Hapo zina mahali pa kusimama," Hulda alisema.

Lakini Silvesta hakuishia kwenye herufi. Kiangazi kilichofuata, abiria walipokuwa wengi, alimwita Tabea pembeni ya mgahawa.

"Mama Kefa, wewe unachelewa. Kikapu siku sita! Legeza mkono, kiwe cha siku mbili. Abiria hajui tofauti. Akifika Iringa mimi simwoni tena."

Tabea alikumbuka soko lile na vicheko vile.

"Mzee Silvesta, nilishawahi kulegeza. Mwulize Noela hapo Lyamkena."

"Noela nimemsikia. Hii ni biashara nyingine."

"Herufi nimekukubalia. Ukitaka jina la Mbeya nitaandika la Mbeya. Ukitaka vya mviringo, vya yai, virefu, nitajaribu. Msuko hapana. Ukivihitaji vingi, nitatafuta mikono zaidi."

Silvesta alisukuma kofia yake nyuma, akamtazama kama anayepima kama yule mama anajua anachokisema. "Tafuta basi," akasema hatimaye. "Lakini usinicheleweshe Pasaka."

Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza. Siku za Jumatatu, baada ya kazi za shamba, wanawake walikuja uani kwa Hulda: Zipora jirani, Fidelia na binamu zake, wengine kutoka upande wa mjini. Tabea alipokwenda Lyamkena kwa mumewe, Noela naye alikaa kujifunza, na alikuwa mwepesi kuliko wote. Alikuwa mkali pia. Kikapu cha mtu kikidondosha unga, yeye alikifumua kabla Tabea hajanyoosha mkono. Kila msukaji aliruhusiwa kuweka chake juu ya kifuniko, nyota, samaki, herufi za jina, ilimradi rangi ichemshwe na kuoshwa mara tatu kwanza. Vikapu vya harusi waliendelea kuvisuka kama zamani, vyeupe na mistari mitatu, na taratibu watu wakaanza kuviagiza tena. Mabeseni hayakuondoka. Tabea mwenyewe alinunua moja la kufulia.

Tatizo lililofuata walilileta wenyewe. Mikono ilikuwa mingi, na bonde ni lile lile. Kila mtu alikata milulu alipoiona, wengine wakaing'oa na mizizi kwa haraka. Mwaka wa nne wa kikundi, Tabea na Zipora walishuka asubuhi moja na visu vyao wakakuta sehemu nzima ya kando ya mto imebaki matope na maji yaliyosimama. Walitembea mpaka saa sita wakapata kifungu kisichotosha vikapu viwili. Zipora alikaa juu ya jiwe akasema labda mwisho wa kazi ndio huu.

Tabea alikwenda kwa jumbe wa kijiji kuomba kipande cha bonde kisichofaa kwa mahindi, chenye tope hata kiangazi. Jumbe alishangaa. Hakuwahi kusikia mtu anaomba shamba la majani yanayoota yenyewe.

"Yalikuwa yakiota yenyewe tulipokuwa wawili, baba," Tabea alimwambia. "Sasa tuko kumi na saba."

Jumbe aliwapa. Hulda, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumkatalia, alisema hilo hajawahi kuliona tangu azaliwe, halafu akaomba abebwe mpaka bondeni aonyeshe mizizi ipi ni ya milulu laini na ipi ni ya ile ngumu inayokata vidole. Methusela alimbeba mgongoni. Alikaa ukingoni na fimbo yake akielekeza, "Hiyo, hapana hiyo, hiyo ya kushoto," na wanawake wakachagua vishina walivyovichimba mabonde ya mbali, wakavikata vipande na kuvipandikiza kwa mistari, tope likiwafika magotini. Maji yalikuwa baridi kama chuma. Waliimba nyimbo za kanisani kujipa joto, na Fidelia alipoanguka mzima mzima kwenye tope, wimbo uliishia kwenye kicheko.

Walikubaliana kutokata chochote hapo kwa miaka miwili. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo, mvua zilipokuwa zimeshika, Tabea alishuka peke yake na jembe la kupalilia. Alikuta machipukizi ya kijani yamesimama kila penye kishina, membamba, yakiinamishwa na upepo na kuinuka tena. Alihesabu mstari mmoja hadi mwisho, kisha akavua viatu, akaingia kwenye maji, akaanza kupalilia.